Mkesha wa Idi Katika Mute: Vipopoo, Kashata na Vititia

Mtoto wa miaka minne au mitano hana habari ya kalenda wala hajui kuutafuta mwezi mwandamo, lakini huitambua Idi siku mbili tatu kabla haijafika, kwa kuwa nazi huangushwa kwa wingi kuliko desturi, iliki huletwa kutoka dukani ndani ya kikaratasi kilichosokotwa, kinu hutolewa kikawekwa uani, na mama yake, ambaye siku nyingine humwondosha jikoni asije akaungua, siku hiyo humwita kwa bashasha aje asaidie. Naandika makala hii kwa ajili ya mwito huo. Katika Mute, kijiji cha wilaya ya Palma, mkoani Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, kilicho katika njia itokayo Palma kwenda Mocímboa da Praia, kama katika pwani yote ianziayo mlangoni mwa mto Ruvuma hadi visiwa vya Kirimba, wenyeji wamejaliwa maridhawa ya vitu vya kumfurahishia mtoto mdogo siku ya sikukuu, na vingi katika vitu hivyo hupatikana hatua chache kutoka kizingitini. Kitu adimu ni wasaa wa mtu mzima, na ridhaa yake ya kuuachia mkono mdogo ufanye kazi ya kweli, hata kama kazi hiyo itakwenda upande.

Yafaa kwanza kuangalia Idi inaangukia msimu gani, maana mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo sikukuu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, ikapita katika misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Babu aliyekuwa akirusha tiara siku ya Idi alipokuwa mdogo hakuwa hodari kuliko wajukuu zake. Idi ya utoto wake ilimwangukia katika kusi, pepo zilipokuwa zikivuma sawasawa na majani yamekauka. Miaka hii Idi ya Mfunguo Mosi imo katika masika: mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mwaka 2025 mwisho wa Machi, mwaka 2026 karibu na Machi 20, nayo itaendelea kurudi ndani ya mvua na kaskazi kwa miaka kadhaa ijayo. Kwa hiyo mzazi wa Mute asikasirike kashata zikitoa maji baada ya siku moja, kwani sukari huvuta unyevu wa hewa, wala asimlazimishe mtoto kutengeneza tiara ya karatasi itakayoloa kabla ya sala. Kuna kazi za masika na kuna kazi za kiangazi, na mwenye hekima huzitenga.

Katika vitamu vyote vya pwani yetu, mimi huviweka vipopoo mbele kwa mtoto mdogo, na sababu yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haihitaji moto wala kisu. Unga wa mchele vikombe viwili hutiwa chembe ya chumvi, kisha humiminiwa maji yanayochemka, kikombe kimoja au kupungua kidogo, huku mtu mzima akisonga kwa mwiko. Yasiwe maji ya baridi, kwa kuwa unga wa mchele hauna ule mnato wa unga wa ngano, na ni joto la maji ndilo linaloulainisha ukashikamana. Aliyetumia maji ya baridi ataona vipopoo vyake vikifumuka ndani ya chungu na kugeuka uji. Donge likishapoa kiasi cha kuvumilika mkononi, mtoto hupewa sehemu yake, akakaa juu ya mkeka, akaanza kuviringisha katika viganja vyake vidonge vya ukubwa wa gololi, na kuvipanga juu ya ungo kumi kumi, vikifunikwa kwa kitambaa chenye maji ili visipasuke. Hapo ndipo mzazi hujaribiwa, kwa maana kimoja kitakuwa kikubwa kama limau, kingine kidogo kuliko punje ya mtama, na cha tatu kitakuwa na alama ya kidole gumba katikati. Naomba visifanywe upya. Vikubwa vitachelewa kuiva na vidogo vitawahi, basi vikubwa vitangulizwe chunguni na vidogo vifuatie, na mtoto aelezwe kwa nini. Kwa kufanya hivyo kosa lake limekuwa elimu bila ya yeye kuaibishwa.

Nazi hukunwa juu ya mbuzi, na mbuzi si mahali pa kumkalisha mtoto mdogo, kwani meno yake ni makali. Walakini mtoto aweza kushika bakuli, akaokota vipande vya kahawia vilivyoangukia ndani, na akakamua chicha kwa mikono yake miwili kwa raha ambayo sijaona mchezo wa dukani unaoishinda. Kasimile huwekwa kando, tui la pili likabandikwa motoni, na likichemka vidonge hutumbukizwa kidogo kidogo. Vikiiva huelea, na kazi ya mtoto, akiwa amesimama mbali na mafiga, ni kutangaza kila kinachopanda. Mwisho hutiwa sukari nusu kikombe na iliki, kisha kasimile, na moto hupunguzwa papo hapo, kwa maana kasimile likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Iliki ni kazi ya mtoto tangu mwanzo hadi mwisho: kuibambua ganda, kuzihesabu mbegu zile nyeusi, kuzitwanga katika kinu kidogo, na kunusa. Mtoto aliyetwanga iliki hunusa vidole vyake hadi analala.

Sifa za nazi katika pwani hii ni za kale sana. Al-Masudi, mtaalamu wa Baghdadi aliyesafiri bahari ya Zanji katika karne ya kumi, aliitaja nazi na ndizi miongoni mwa vyakula vya watu wa huku; na Ibn Battuta, aliyeshuka pwani mwaka 1331 akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alieleza jinsi watu wa Mogadishu walivyopika ndizi mbichi katika maziwa mabichi na kuziandaa pembeni ya wali wa samli. Nayataja haya kwa vijana wetu wanaodhani kwamba kitamu cha heshima ni kile kilichokuja ndani ya pakiti yenye kung'aa. Sahani ya ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui na iliki, ambayo mtoto wa miaka mitatu aweza kuisaidia kwa kumenya maganda tu, ina nasaba ndefu.

Kashata ni kisa kingine, kwa kuwa ndani yake mna hatari, na hatari hiyo haina budi kusemwa waziwazi. Sukari vikombe viwili huchemshwa pamoja na maji kikombe kimoja, na maji yakizidi kupungua shira huzidi kupata joto. Maji matupu hayapiti digrii 100, lakini shira ya kashata hufika 115 na kuzidi, na tone lake likimwangukia mtoto halitiririki kama maji, hugandamana na ngozi na kuendelea kuunguza. Kwa hiyo kila uani pachorwe mstari mchangani kuzunguka mafiga, mstari ambao mtoto hauvuki, na upande wake wa mstari pawe na kazi ya maana ili asione kwamba amefukuzwa. Kazi yenyewe ipo, nayo ni kuwa mwamuzi wa shira. Mtu mzima hudondosha tone katika kikombe cha maji ya baridi, akampelekea mtoto ng'ambo ya mstari, naye hutia kidole kikombeni na kulibonyeza: likiyeyuka, bado, likijikusanya kuwa donge laini, wakati umewadia. Kwa amri ya mtoto, nazi iliyokunwa vikombe viwili humiminwa, hukorogwa mpaka mchanganyiko uachane na kuta za sufuria, hutandazwa juu ya sinia lililopakwa mafuta, na hukatwa mshazari kungali na uvuguvugu. Katika masika zihifadhiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko cha kubana mara tu zinapopoa.

Kwa nyumba isiyotaka kabisa kuhangaika na shira, karanga zinatosha. Zikaangwe na mtu mzima, zipoe, halafu watoto wazifikiche maganda na kuzipeta katika ungo, mchezo ambao huzijaza nywele zao maganda mekundu na vinywa vyao vicheko. Kabla ya kukaanga, hata hivyo, karanga zichaguliwe mojamoja, na jicho la mtoto ni kali katika kazi hii: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote zitupwe, kwa sababu karanga zilizowekwa katika unyevu huota kuvu wenye sumu iitwayo sumukuvu, ambayo moto wa kukaangia hauimalizi. Vikombe viwili vya karanga safi vitwangwe pamoja na nusu kikombe cha sukari na chembe ya chumvi mpaka mafuta yachomoze, na mafuta hayo ndiyo yatakayozishika ladu zikafinyangika bila ya moto na bila ya maji. Karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka minne, kwa kuwa humkwama kooni; ladu zilizotwangwa vizuri zinamfaa zaidi.

Na korosho? Nchi ya Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza ulimwenguni kwa korosho, ikivuna zaidi ya tani 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mikorosho ya Cabo Delgado ingaliko. Lakini ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochubua ngozi, na moshi wake pia si salama, basi kuchoma korosho si shughuli ya kuwafundishia watoto wadogo. Wapewe zilizokwisha banguliwa, wazivunje vipande, wazinyunyize juu ya vipopoo, inatosha.

Sasa nije kwenye mapambo na michezo, na hapa nakiri mahaba yangu kwa kititia. Majani mawili ya mnazi, mabichi, yaliyoondolewa chelewa zake, hukunjwa na kupishanishwa mpaka yakaweka kijumba cha pembe nne katikati na mabawa manne pembezoni. Mwiba au kipande cha chelewa hupenyezwa katikati na kuchomekwa kwenye ubua, na mtoto akikimbia nacho hukizungusha hata siku ambayo upepo umelala. Ndiyo maana nasema ni kifaa cha masika: tiara huungoja upepo, lakini kititia huzunguka kwa miguu ya mwenyewe, na mvua haikidhuru, kwani jani la mnazi limezaliwa mvuani. Mtoto wa miaka minne hawezi kukikunja peke yake. Aweza kushika pembe moja huku babu yake akipenyeza nyingine, na baada ya kushika pembe mara nyingi vidole vyake hujikuta vimekwisha jua njia. Hivyo ndivyo bibi wa Kimwani walivyofundishwa kusuka ukili, na ndivyo vijana wa Kimakonde walivyojifunza kuchonga mpingo kwa kukaa karibu na wazee wao. Hakuna aliyesomewa kanuni kwanza.

Kwa chelewa zilizobaki hufungwa fremu ndogo za nyota na mwezi, zikavikwa karatasi za daftari lililokwisha, gundi ikiwa ni uji mzito wa unga wa muhogo, ambao mtoto aweza kuupaka kwa vidole bila ya kuhofia kwamba atautia kinywani. Vifuu viwili vilivyotobolewa na kupitishwa kamba huwa viatu virefu vya kutembelea, na mlio wake juu ya ardhi ngumu ni ngoma tosha ya sikukuu. Maua ya asumini huokotwa alfajiri kabla jua halijayachoma, akayatunga mtoto katika uzi laini kwa ajili ya nywele za dada yake. Sindano asipewe aliye chini ya miaka mitano, kwake chelewa nyembamba isiyo na ncha kali inafaa. Vipande vya vitambaa vya kapulana vilivyobaki kwa mshonaji huunganishwa kuwa vishada vya kutundika mlangoni. Hayo yote hayana gharama ila jioni moja ya mtu mzima.

Hina nayo ni kazi ya watoto, tangu kuchuma majani hadi kuyatwanga pamoja na maji ya ndimu, na musiro, ule weupe wa kusagwa jiweni ambao wanawake wa kaskazini ya Msumbiji hujipaka usoni tangu dahari, huwapa wasichana wadogo furaha kubwa wanapopakwa mashavuni na shangazi zao. Nisikilizwe lakini katika jambo moja. Ule wino mweusi uitwao piko, ambao kwa hakika ni rangi ya nywele ya viwandani, usiguse kamwe ngozi ya mtoto. Una kemikali ambayo huweza kuvimbisha na kubabua, na makovu yake yaweza kuwa hayajapona Idi ijayo ikifika. Hina ya majani ni nyekundu. Ikija nyeusi tititi na kukolea kwa muda mfupi, si hina.

Msomaji wa mbali aweza kuuliza kama watu wa Mute wana nafasi ya kufikiri vititia na vipopoo, baada ya mambo yaliyowafika. Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017. Kimbunga Kenneth kikapiga mkoa huu Aprili 25, 2019. Mapigano yakafika Mute penyewe Desemba 2020. Na Machi 24, 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, watu kwa maelfu wakakimbilia Quitunda, Nangade, Mueda, Pemba, na wengine wakauelekea mto Ruvuma wakitaka kuvuka kwenda Tanzania. Waliokimbia waliacha vinu, masinia na mbuzi za kukunia nazi. Wako watoto waliozaliwa katika turubai za wakimbizi, ambao nyumba ya kwanza waliyoijua haikuwa na mnazi uani. Mimi naona kwamba kwa watoto hawa hasa kazi ndogo za mkesha wa Idi zina uzito mkubwa. Mtoto aliyezoea kuambiwa kimbia, nyamaza, jifiche, anahitaji kusikia pia viringisha, hesabu, onja, na kuuona mwisho wa jambo alilolianza kwa mikono yake, likiwa limetua salama juu ya sahani. Mashirika ya misaada, UNICEF likiwemo, yalifungua katika mkoa huu vituo vya kuchezea watoto waliohamishwa, na ihsani hiyo yastahili shukrani. Hata hivyo kituo hufungwa jioni, na uani kwa mama hakufungwi.

Kutokana na historia hiyo hiyo nina onyo lisilo budi. Watoto wetu ni mafundi wa kutengeneza magari ya waya na mikebe, na mchezo huo ni mzuri kabisa, lakini katika nchi iliyopitiwa na vita mtoto asitumwe wala asiachwe kuokota vyuma vichakani, katika mashamba yaliyoachwa au katika magofu, kwa maana hajui kupambanua kipande cha gari na kitu kinacholipuka. Waya utoke kwa jirani, mikebe itoke jikoni, na akiona chuma asichokifahamu asikiguse, arudi kwa njia ile ile aliyojia na kumwambia mkubwa. Wanaotaka usalama zaidi wabaki na makuti, vifuu na mabua.

Vikishaiva vyote, hupangwa sahani za kupeleka kwa majirani, na hili pia limwangukie mtoto, akiwa na kikawa kidogo juu ya sahani na salamu alizofundishwa: "Shikamoo bibi, mama ameniambia nikuletee sikukuu." Mute si kijiji cha dini moja wala cha kabila moja, Wamwani, Wamakonde na Wamakua wamechangamana katika wilaya hii, na Desemba 25, ambayo serikali ya Msumbiji huiadhimisha kwa jina la Siku ya Familia, sahani nazo hurudi kwa njia ile ile ziliyopitia. Kwa hesabu ya wanajimu Idi ya Mfunguo Mosi itaangukia karibu Desemba 23 mwaka 2033, kama ilivyoangukia karibu na Desemba 27 mwaka 2000, kwa hiyo sikukuu hizo mbili zitakutana katika juma moja, na nazi zitatakiwa mara mbili. Mtoto mwenye miaka mitano mwaka 2026 atakuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, umri unaotosha kuvuka mstari wa mafiga na kuisimamia shira mwenyewe chini ya jicho la mama yake, huku mdogo wake akiwa ng'ambo ya pili, kikombe cha maji ya baridi mkononi, akibonyeza tone na kutoa hukumu.